Callendar: Mhandisi wa mvuke aliyeuliza iwapo joto hili ni la kawaida

JULAI 19, 2022, kipimajoto katika kituo cha Coningsby, mashariki mwa Uingereza, kilipanda hadi nyuzijoto 40.3 sentigredi. Tangu vipimo vya hali ya hewa vianze kuwekwa nchini humo, hakuna siku hata moja iliyokuwa imefikia nyuzi 40. Reli zilipinda kwa joto, nyumba kadhaa pembezoni mwa London ziliteketea, na wazimamoto wa jiji hilo wakawa na siku ya kazi nyingi kuliko zote tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Hata kabla ya moshi kutua, wazee walianza kuwakumbusha vijana kiangazi cha 1976, ambapo ukame ulikausha mabwawa na wakazi wa sehemu fulani wakalazimika kuteka maji kwenye mabomba ya barabarani. Wengine walirudi nyuma zaidi, hadi Agosti 1911, wakati halijoto ilipofikia nyuzi 36.7. Hoja ya wote ilikuwa moja: joto kali limekuwapo tangu enzi za mababu, na wanaolalamika leo ni watu wasio na kumbukumbu.

Hoja hiyo haifai kubezwa. Ni kweli kwamba viangazi vikali vilikuwapo, na ni kweli pia kwamba binadamu huona lake la leo kuwa kubwa kuliko la jana. Lakini kumbukumbu za wazee haziwezi kuamua neno hili, wala jasho la vijana haliwezi. Linahitaji hesabu. Na hesabu hiyo ilifanywa zamani, mnamo 1938, na mtu ambaye hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa kamwe. Aliitwa Guy Stewart Callendar, na kazi yake ya mshahara ilikuwa mvuke.

Callendar alizaliwa mwaka wa 1898 mjini Montreal, Canada, ambako baba yake, Hugh Longbourne Callendar, alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka huo huo baba alipata uprofesa London, na familia ikarejea Uingereza mtoto akiwa bado mchanga.

Huyo baba hakuwa mtu wa kawaida. Kabla ya kutimiza miaka 25, alikuwa amebuni njia ya kupima joto kwa kutumia waya wa madini ya platinamu, kipimo kilichokuwa sahihi mno kuliko vingi vilivyokuwapo. Kwa hivyo Guy alilelewa katika nyumba ambamo kipimajoto hakikuwa pambo la ukutani. Kilikuwa chombo cha kutiliwa shaka, kukaguliwa na kusahihishwa kabla ya kuaminiwa. Malezi hayo yalikuja kumfaa baadaye, pale wakubwa wa taaluma walipomtaka athibitishe kila tarakimu.

Akiwa mtoto mdogo alipatwa na mkasa. Ndugu yake alimchoma kwa pini katika jicho la kushoto, nalo likapofuka. Ulemavu huo haukumzuia kuwa mchezaji hodari wa tenisi, mchezo alioupenda hadi utu uzimani. Kiangazi kile cha 1911 ambacho wazee wa Uingereza hawakuchoka kukitaja kilimkuta London, akiwa mvulana wa miaka 13.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, kijana huyo alifanya kazi katika maabara ya baba yake kwenye chuo cha Imperial. Baada ya vita alisomea ufundi wa mitambo na hisabati, kisha akaungana tena na mzee huyo kuchunguza tabia za mvuke ukiwa katika joto na shinikizo kubwa. Mitambo ya kuzalisha umeme ya wakati huo iliendeshwa kwa mvuke uliotokana na makaa ya mawe, na waundaji wake walihitaji majedwali sahihi ili wasije wakaunda mitambo inayolipuka au inayopoteza nguvu bure. Baba alipofariki mwaka wa 1930, mwana aliiendeleza kazi hiyo. Mwaka huo huo alimwoa Phyllis Pentreath, na wakajaliwa mabinti pacha.

Haya yangetosha kuwa maisha ya mhandisi mwenye heshima ambaye jina lake halijulikani nje ya viwanda. Kilichomtofautisha Callendar ni alichokifanya jioni, baada ya kurudi nyumbani kutoka kazini.

Katika karne ya 19, wanasayansi walikuwa wamekwisha gundua kwamba baadhi ya gesi zilizomo hewani huruhusu mwanga wa jua kupita lakini huzuia sehemu ya joto linalotoka ardhini lisipotelee angani. John Tyndall alilionyesha hilo katika maabara yake mjini London karibu na mwaka wa 1860. Mnamo 1896, Svante Arrhenius wa Uswidi alipiga hesabu ya kiasi ambacho dunia ingepata joto iwapo kabonidayoksaidi, gesi inayotoka katika makaa na mafuta yanapochomwa, ingeongezeka maradufu.

Hata hivyo, kufikia miaka ya 1930 wazo hilo lilikuwa limetupwa kando. Wengi waliamini kwamba mvuke wa maji uliomo hewani huzuia joto lote ambalo kabonidayoksaidi ingelizuia, na kwamba bahari ingemeza gesi yoyote ya ziada.

Callendar hakuridhika. Mtu aliyekuwa akishughulika na mvuke na joto kila siku alijua kuwa vipimo vilivyotumiwa kulikanusha wazo hilo vilikuwa vya zamani na si sahihi. Alikusanya vipya, akapiga hesabu upya, na akaona kuwa gesi hiyo ina nafasi yake hata pale palipo na mvuke. Kwa makisio yake, kuongezeka kwake maradufu kungepandisha joto la dunia kwa nyuzi 2 hivi. Makisio hayo hayako mbali sana na ya leo, ingawa wataalamu wa sasa hutaja kiwango cha juu zaidi, karibu nyuzi 3.

Lakini nadharia ni jambo moja, na dunia yenyewe ni jambo jingine. Je, joto lilikuwa limepanda kweli?

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuchosha. Callendar alizipekua rekodi za halijoto zilizokusanywa kutoka pembe zote za dunia na kuchapishwa na taasisi ya Smithsonian ya Marekani, vitabu vinene vilivyojaa safu juu ya safu za tarakimu. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na msaidizi, wala hakuna aliyemlipa. Kwa kalamu na karatasi, alichagua vituo 147 vilivyokuwa na rekodi ndefu na za kutegemewa.

Namna alivyozishika tarakimu hizo inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo kiini cha jibu lake. Hakujali kama kituo kimoja kina joto kuliko kingine, maana mji wa tropiki hauwezi kulinganishwa na mji wa kaskazini. Alikilinganisha kila kituo na wastani wake chenyewe wa miaka ya 1901 hadi 1930, akatazama ni mwaka gani kilipanda juu ya wastani huo na mwaka gani kilishuka chini yake. Kisha aliunganisha vituo vilivyo jirani, akatafuta wastani wa miaka 10 mfululizo ili kiangazi kimoja kikali au kipupwe kimoja kikali kisimpoteze, na mwishowe akaupa kila ukanda uzito kulingana na ukubwa wa eneo lake: ukanda wa kaskazini, wa tropiki na wa kusini.

Watu wa Pwani wataelewa haraka alichokuwa akikitafuta. Mvuvi aliyesimama ufukweni hawezi kujua kama maji yanajaa au yanakupwa kwa kuangalia wimbi moja. Wimbi kubwa linaweza kupiga hata wakati maji yanapokupwa, na dogo likaja wakati yanapojaa. Atakayejua ni yule anayeitazama alama kwenye nguzo ya gati kwa saa kadhaa. Kiangazi kikali ni wimbi. Callendar alikuwa akitazama nguzo.

Alichokiona ni kwamba katika muda wa miaka 50 iliyotangulia, halijoto ya nchi kavu ilikuwa imepanda kwa takriban nyuzi 0.3.

Kwa sikio la mtu wa kawaida, hiyo ni tofauti isiyostahili kutajwa. Nani anayehisi theluthi moja ya nyuzi? Lakini wastani wa dunia nzima hausogei kirahisi, na ukisogea hata kidogo, siku za joto la kupindukia ambazo zamani zilikuwa nadra huanza kuja mara kwa mara. Maji yakipanda shubiri moja gatini, hata mawimbi ya ukubwa ule ule wa zamani huanza kurukia barabarani.

Kulikuwa na pingamizi ambalo alilitarajia. Miji ilikuwa inakua, na mawe, lami na moshi wa mijini huhifadhi joto. Kituo kilichokuwa shambani mwaka wa 1880 kingeweza kujikuta katikati ya majengo mwaka wa 1930, nacho kikaonyesha joto ambalo ni la mji wala si la dunia. Callendar aliviweka vituo vya mijini upande mmoja na vya mashambani na visiwani upande mwingine, akavilinganisha. Vyote vilionyesha mwelekeo ule ule. Pingamizi hilo bado huletwa hadi leo na watu wanaodhani wamelivumbua wao.

Februari 16, 1938, makala yake yalijadiliwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Wataalamu wa Hali ya Hewa mjini London. Alisema kwamba katika nusu karne binadamu alikuwa ameongeza hewani takriban tani bilioni 150 za kabonidayoksaidi, kwamba karibu robo tatu ya gesi hiyo ilikuwa ingali hewani, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto lililoonekana ingeweza kuelezwa kwa sababu hiyo.

Mapokezi yalikuwa ya adabu, na ya baridi. Sir George Simpson, mkuu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza na mtu aliyewahi kufika Antaktika pamoja na msafara wa Kapteni Scott, aliona kwamba mtu asiye wa fani hiyo hangeweza kuelewa jinsi hewa inavyosafirisha joto kwenda juu na chini. Kwake, kwenda sambamba kwa gesi na joto kulikuwa sadfa tu. Mwingine alitilia shaka usahihi wa vipimajoto vya zamani. C.E.P. Brooks, mmoja wa wajuzi wakubwa wa tabianchi wa wakati huo, alikubali kwamba joto limepanda kweli, ila akaamini chanzo chake ni mabadiliko ya mizunguko ya hewa.

Si haki kuwahukumu mabwana hao kwa ukali. Mhandisi wa mvuke alikuwa amewajia na dai zito mno, na wajibu wa mwanasayansi ni kuuliza maswali. La kusikitisha ni kwamba baada ya kuyauliza, wengi wao hawakujishughulisha kutafuta majibu. Callendar alirudi nyumbani kuyatafuta mwenyewe, naye hakuacha hadi siku zake za mwisho.

Mwaka uliofuata, 1939, alichapisha makala mengine. Humo alieleza kwamba katika baadhi ya vituo, ambavyo rekodi zao zilianza hadi miaka 180 kabla, miaka mitano ya 1934 hadi 1938 ilikuwa imepita kwa joto kipindi chochote kingine cha urefu huo. Alieleza pia kwamba binadamu anaibadilisha hewa ya dunia kwa kasi ambayo hata historia ndefu ya miamba haina nyingi za kufanana nayo. Kwa maneno mengine, swali linaloulizwa leo kila kiangazi yeye alikwisha kulijibu: ndiyo, joto hilo halikuwa la kawaida.

Miaka hiyo ya 1930 ina jambo linalostahili kutajwa, maana wenye shaka hulitegemea sana. Kiangazi cha 1936 huko Marekani kilikuwa cha kutisha, na majimbo kadhaa ya nchi hiyo hayajapata kuvunja rekodi zao za mwaka huo hadi leo. Hilo ni kweli kabisa. Lakini nyanda za kati za Marekani zilikuwa zimekumbwa na ukame mkali, na udongo uliokuwa umelimwa vibaya ulibaki mtupu, bila unyevu wa kupoza hewa. Joto lile lilikuwa la sehemu moja ya dunia. Rekodi ya jimbo moja haiwezi kuisemea sayari nzima, kama vile wimbi moja lisivyoweza kuyasemea maji.

Kuna upande mwingine wa Callendar ambao wasifu wake hauwezi kuuficha. Mtu huyu aliyeonyesha kwamba moshi wa viwanda unapasha dunia joto hakuwa na hofu nalo. Aliona ni neema. Aliamini kwamba joto kidogo lingesaidia kilimo katika nchi za kaskazini na kuahirisha kurejea kwa enzi ya barafu. Mkazi wa kusini mwa Uingereza mwaka wa 1938 angewezaje kuuona ukame wa Turkana au wa Pembe ya Afrika? Isitoshe, alikisia kwamba uchomaji wa makaa na mafuta ungebaki karibu na kiwango cha wakati wake, na kwa hivyo katika karne ya 21 dunia ingepata joto la ziada lisilofika hata nusu nyuzi. Hesabu ya joto alikuwa ameipatia. Ulafi wa mafuta wa vizazi vilivyofuata ndio uliomshinda kukisia.

Vita vilipozuka tena, serikali ilimhitaji kwa ujuzi wake wa moto na mvuke. Ndege za kivita za Uingereza zilikuwa zikirudi usiku kutoka Ulaya na kukuta viwanja vyake vimefunikwa na ukungu, na marubani wakawa wanafia mlangoni mwa nyumbani. Callendar alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotengeneza mfumo wa kuchoma petroli katika mabomba yaliyotandazwa kandokando ya viwanja, ili joto liyeyushe ukungu na ndege zitue. Mfumo huo uliitwa FIDO. Ulichoma mafuta kwa wingi wa kutisha, lakini kufikia mwisho wa vita takriban ndege 2,500 zilikuwa zimetua salama kwa msaada wake. Mtu aliyehesabu moshi wa dunia akawa mmoja wa waliouongeza kwa makusudi, na hakuna wa kumlaumu.

Familia yake ilihamia Horsham, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, na huko akaendelea kuishi baada ya amani kurejea. Jioni zake alizirudishia rekodi zake.

Katika miaka ya 1950 dunia ya sayansi ilianza kumfikia alipokuwa. Mnamo 1956, Gilbert Plass wa Marekani alitumia kompyuta kuhesabu upya jinsi kabonidayoksaidi inavyozuia joto, na akathibitisha kuwa wazo la zamani halikuwa la kutupwa. Mwaka uliofuata, Roger Revelle na Hans Suess walionyesha kwamba bahari haimezi gesi hiyo upesi kama ilivyodhaniwa. Wao wenyewe waliitaja nadharia hiyo kwa jina la Callendar.

Mwaka wa 1958 ndio uliokuwa na uzito zaidi. Callendar alichapisha makala yaliyoonyesha jinsi kabonidayoksaidi ilivyoongezeka hewani tangu karne ya 19, akianzia kiwango cha karibu sehemu 290 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Ili kukipata kiwango hicho alikuwa amevichambua vipimo vya zamani, akavitupa vingi alivyoona havifai, na wapo waliomshutumu kwa kuchagua yanayompendeza. Mwaka huo huo, Charles David Keeling alianza kuipima gesi hiyo juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, na kupata takriban sehemu 315. Miaka mingi baadaye, viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika vilionyesha kwamba uteuzi wa Callendar ulikuwa mzuri ajabu.

Yeye hakuishi kuyaona hayo. Alichokiona katika miaka yake ya mwisho kilikuwa kinyume.

Mwaka wa 1938 alikuwa amesema kwamba miaka 20 iliyofuata ingetoa ushahidi wa kuipima nadharia yake. Ilikuwa kauli ya mtu mwaminifu, na iligeuka kuwa mtego. Baada ya miaka ya mwanzo ya 1940, joto la dunia liliacha kupanda, na katika sehemu za kaskazini likashuka kidogo. Kisha kikaja kipupwe cha 1962 hadi 1963, kikali kuliko chochote Uingereza ilichokuwa imekiona katika karne hiyo. Theluji ilikaa ardhini kwa wiki nyingi, mito ikaganda, na hata bahari ikaganda katika baadhi ya fuo. Mzee aliyetumia robo karne kuwaeleza watu kwamba dunia inapata joto aliyatazama hayo kutoka dirishani mwake Horsham.

Hakuiacha nadharia yake, lakini shaka ilimwingia. Oktoba 1964 alifariki mjini humo akiwa na umri wa miaka 66, bila kujua kama alikuwa amekosea.

Leo sababu za kupoa kule zinaeleweka vyema zaidi. Viwanda vilivyochipuka baada ya vita havikutoa kabonidayoksaidi pekee. Vilitoa pia chembechembe za salfa zilizotanda angani na kuurudisha sehemu ya mwanga wa jua kabla haujafika ardhini. Chembechembe hizo huanguka na mvua baada ya siku chache, ilhali kabonidayoksaidi hubaki hewani kwa vizazi. Nchi za viwanda zilipoanza kusafisha moshi wao kuanzia miaka ya 1970, pazia hilo lilipungua na joto likaanza kupanda tena, safari hii kwa kasi.

Hesabu za Callendar zenyewe zilipewa mtihani mwaka wa 2013, miaka 75 tangu zichapishwe. Wanasayansi Ed Hawkins na Phil Jones waliuweka mchoro wake wa mwaka wa 1938 kando ya ule unaotengenezwa leo kwa kompyuta na maelfu ya vituo. Mistari hiyo miwili ilifuatana kwa karibu sana. Vituo 147 na kalamu vilikuwa vimetosha.

Kwa kipimo hicho chake, hoja ya wazee wa 1976 inaweza kujibiwa bila kumdharau mtu. Kiangazi kile kilikuwa kikali kweli, lakini kilikuwa kikali magharibi mwa Ulaya, katika mwaka ambao dunia kwa jumla ilikuwa na ubaridi kiasi. Mwaka wa 2022 Uingereza haikuwa peke yake. Sehemu kubwa ya dunia ilikuwa juu ya wastani wake. Wataalamu waliolichunguza joto la Julai hiyo walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliliongezea uwezekano wa kutokea angalau mara 10. Kisha kikaja kiangazi cha 2025, ambacho wastani wake kwa Uingereza ulikuwa nyuzi 16.10, na kikawa cha joto kuliko vyote tangu takwimu za nchi nzima zilipoanza mwaka wa 1884. Kwa kuingia kwake, 1976 ilisukumwa nje ya orodha ya viangazi vitano vya joto zaidi. Vyote vitano sasa ni vya karne hii.

Kwa dunia nzima, miaka 10 kuanzia 2015 hadi 2024 ndiyo iliyokuwa ya joto zaidi katika rekodi zote zilizopo, na mwaka wa 2024 ulipita wastani wa nusu ya pili ya karne ya 19 kwa takriban nyuzi 1.5. Katika Afrika Mashariki, Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa kuhofia joto la nyuzi 45, na barafu ya Mlima Kenya imepungua hadi kubaki vipande vichache ambavyo mpanda mlima wa zama za Callendar asingevitambua.

Pengo moja aliloliona yeye bado halijazibwa vizuri. Ukanda wa tropiki ulikuwa na vituo vichache vyenye rekodi ndefu, na sehemu kubwa ya Afrika haikuonekana kabisa katika hesabu za wakati wake. Hadi sasa bara hili lina vituo vichache kuliko inavyohitajika, na mahali pasipo na kipimajoto, joto linaweza kuua watu bila kuandikwa popote kama joto.

Madaftari ya Callendar, pamoja na barua zake na kurasa za tarakimu alizoziandika kwa mkono, yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha East Anglia mjini Norwich, Uingereza. Katika chuo hicho hicho kuna kituo cha utafiti wa tabianchi kilichoanzishwa mwaka wa 1972, miaka minane baada ya kifo chake, ambacho watafiti wake hukusanya halijoto za dunia nzima, kituo kwa kituo, na kukilinganisha kila kimoja na wastani wake chenyewe.